Ondoka Taratibu, Watakuita

Sifa zote ni zake Mwenyezi Mungu, anayewalisha waja wake wakiwa kwao na wakiwa ugenini, anayempa mmoja urefu na mwingine subira, wala hamtaki mtu ushauri katika mgao wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, ambaye naye alikuwa mfanyabiashara, akauza na kununua bila ya hila. Baada ya kumshukuru Mola kwa kunijaalia umri, macho ya kuandikia na mlo wa moto katika mji usio wangu, nataka kueleza habari za Mmarekani mmoja mcheza mpira wa kikapu, na namna sisi watu wa Xiaobei, mtaa wa wageni katika jiji la Guangzhou, China, tulivyomsaidia.

Mimi kwetu ni Unguja, na kazi yangu kwa sehemu kubwa ya maisha ilikuwa kusomesha Kurani. Nilikuja Guangzhou uzeeni kumfuata mwanangu, anayenunua nguo za watoto na kuzisafirisha nyumbani. Yeye husafiri na mzigo, mimi hubaki kuwakumbusha wenye viwanda kwamba Idi haiahirishwi kwa sababu ya vifungo. Mchana hula kwa mama mmoja wa Mbeya mwenye mkahawa ghorofani, mtaa wa Dengfeng, juu ya maduka ya simu. Sote tunamwita Shangazi. Yeye ni mtu wa kanisa, lakini nyama huinunua bucha la Waislamu wa Kichina ng'ambo ya uchochoro, ili mimi na wenzangu tule bila ya kuuliza maswali. Mungu amlipe kwa hilo.

Mmarekani aliingia adhuhuri moja akiwa ameinamisha kichwa, nasi tukadhani ni adabu. Kumbe ni mlango. Alikaa, magoti yakainua meza, na Shangazi akawahi jagi la maji kabla halijamwagika. Aliomba chakula chochote kisichokuwa na supu. Akaletewa pilau, akala, akaomba tena, akala, kisha akafumba macho kama mtu aliyefika mwisho wa dua.

Mezani kwangu alikuwapo mfanyabiashara wa Kariakoo, mnunuzi wa jinzi, mtu mwema mwenye sauti kubwa. Aliniinamia.

“Maalim, huyu ni yule wa kwenye televisheni.”

“Yupi?”

“Mmojawapo. Hawa wote ni wa kwenye televisheni.”

Kabla sijajibu alishasimama kupiga naye picha, na mkahawa mzima ukapanga foleni nyuma yake. Mmarekani alipigwa picha na kila mtu, hata na mpishi aliyetoka jikoni na mwiko wake. Walipomaliza akatuambia kwa upole kwamba hajapata kuonekana kwenye televisheni hiyo. Kwenye ile ligi kubwa ya kwao alifanya mazoezi majira moja ya kiangazi, akarudishwa nyumbani kabla jina lake halijashonwa kwenye fulana. Hakuna aliyefuta picha. Mtu wa Kariakoo aliituma yake Dar es Salaam na maelezo aliyokwisha kuyaandika.

Basi akawa mtu wetu. Kiingereza changu ni cha shule za zamani, cha mtu wa Kariakoo ni cha sokoni, na chake kilikuwa cha kwao, lakini penye pilau watu huelewana. Alikuwa amecheza katika nchi nyingi, zenye theluji na zenye mchanga, na alizikumbuka kwa namna alivyoachishwa kazi. Ziko alikoachishwa kwa barua, ziko alikoachishwa kwa simu, na iko moja alikofahamu kuwa kazi imekwisha baada ya kurudi kutoka mazoezini na kumkuta mtu mwingine mrefu amelala kitandani mwake. Aliyasimulia haya akicheka, nami nikampenda kwa kucheka kwake, maana sikusikia uchungu ndani yake.

Hapa Guangzhou alikuwa na klabu ndogo ya pembezoni mwa jiji, daraja la chini, isiyojulikana hata na madereva wa teksi. Walimpa mkataba wa mwezi mmoja, ukiisha wanampa mwingine wa mwezi mmoja, kama mtu anayenunua maziwa. Yeye alitaka kitu kimoja tu: mkataba wa msimu mzima. Alikuwa na binti anayeishi na bibi yake Marekani, aliyekua ndani ya kioo cha simu, jino moja likianguka baada ya jingine na baba yake akiyaona mapengo kwa picha. Kwa karatasi ya mwezi huwezi kumwombea mtoto kibali cha kukaa. Kwa karatasi ya msimu unaweza. Bibi alikwisha kubali, shule ilikwisha kubali, na binti mwenyewe alikwisha kufunga sanduku bila ya kuambiwa. Iliyobaki ni klabu.

“Na umewaombaje?” akauliza mtu wa Kariakoo.

“Niliwaomba. Wakasema watafikiri.”

“Uliwaomba ukiwa umekaa?”

“Ndiyo.”

“Basi hilo ndilo kosa.” Akaweka kijiko chini. “Kaka, mji huu haupatikani kwa kukaa. Unasema neno lako, wanakataa, unanyanyuka, unaondoka taratibu. Usigeuke. Kabla hujafika mlangoni watakuita.”

Msomaji ambaye hajafika huku aelewe kwamba hiyo kwetu ni karibu na sharia. Muuzaji anakuandikia bei kwenye kalkuleta, nawe unaifuta na kuandika yako, naye anashika kifua kama aliyepigwa risasi. Hapo ndipo unapoondoka. Ukiitwa, umeshinda. Wafanyabiashara wote wa Xiaobei, Waislamu na Wakristo, wa bara na wa visiwani, wanahitilafiana katika mengi, lakini sijamsikia mmoja anayekanusha hili. Siku ile mkahawa wote ulimuunga mkono mtu wa Kariakoo. Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali, nikiwa na mfupa mdomoni.

Ikaonekana Mmarekani ahitaji mazoezi. Asubuhi iliyofuata tukampeleka Shisanhang, kwenye mtaa wa nguo za jumla, ambako marobota hupita juu ya vichwa vya watu na anayesimama kutafakari hukanyagwa. Mtu wa Kariakoo akamchagulia duka la majaketi. Mama mwenye duka, laobani kama wanavyoitwa huku wenye mali, akaandika bei, Mmarekani akatikisa kichwa, mama akashika kifua. Kila kitu kilikwenda sawasawa. Mmarekani akanyanyuka, akapiga hatua moja, kisha akamhurumia mama wa watu, akageuka na kumwomba radhi.

“Umeomba radhi!” mtu wa Kariakoo akapiga kelele. “Unamwomba radhi laobani? Yule ana ghorofa!”

Duka la pili hakugeuka. Akaondoka kwa heshima zote. Lakini mwenye duka alipofungua kinywa kumwita, miguu ile ilikwisha kumfikisha kwa wauza soksi, na sauti haikumpata. Tulimkimbilia.

“Kaka, hatua zako ni ndefu mno. Ukienda mbili umeshahama mtaa. Mpe mtu nafasi ya kukuita! Tembea kama bibi harusi.”

Duka la tatu alitembea kama bibi harusi, na jambo zuri kuliko hilo sijaliona katika mtaa ule. Aliitwa kabla hajafika kizingitini. Furaha yake ilikuwa kubwa hata akanunua jaketi, mikono yake ikimfika chini kidogo ya viwiko. Akalivaa njia nzima mpaka Dengfeng.

Siku ya kwenda klabu walinitaka niombe dua. Tukaketi mkahawani baada ya sala ya adhuhuri, Shangazi akazima feni ili tusikike vizuri zaidi, na Mmarekani, ambaye mama yake ni mtu wa kanisa, akainamisha kichwa bila ya kuelekezwa. Nilikuwa nimeinua mikono pale mtu wa Kariakoo aliponigusa.

“Maalim, omba misimu miwili.”

“Mwenyewe anataka mmoja.”

“Najua. Lakini ukiomba mmoja utapewa nusu. Anza juu.”

“Mwanangu, ninayemwomba anajua tutaishia wapi. Nikianzia juu nitakuwa namzungusha nani?”

Akarudisha mkono wake, ila niliona hakuridhika. Nikaomba kwamba Mola amkutanishe baba na binti yake kwa njia aijuayo Yeye. Shangazi akaitikia amina ya kwao, sisi tukaitikia ya kwetu. Baadaye mtu wa Kariakoo alinilaumu kwamba dua yangu ilikuwa na mwanya mkubwa, kwa vile sikutaja klabu.

Tulimsindikiza Mmarekani, mtu wa Kariakoo na mimi. Ofisi ya klabu ilikuwa ghorofa ya juu kwenye jengo linalouza vigae vya vyoo, nasi tulingoja chini, miongoni mwa masinki. Mtu wa Kariakoo hakuweza kukaa. “Sasa amekaa,” alisema. “Sasa amesema neno lake. Sasa wamekataa. Sasa ananyanyuka, Maalim, ananyanyuka!” Alikuwa akiyaona yote kwa macho ya moyo, na nadhani hakukosea hata moja.

Lifti ikafunguka, Mmarekani akatoka. Alitembea kwa hatua za bibi harusi. Hakugeuka. Akatupita bila ya kututazama, kama alivyofundishwa, akaenda mpaka mlangoni, na pale mlangoni akasimama, akaanza kuchunguza beseni la kunawia uso. Tukamsogelea.

“Walikuita?”

“Bado.”

“Watakuita. Shika bomba hilo, jifanye unalitaka.”

Akashika bomba. Wahudumu wa duka wakaja kumweleza sifa zake. Tulikaa pale kwa muda ambao hata mimi, mtu wa subira, niliuona. Kisha lifti ikafunguka tena na binti wa Kichina, mkalimani wa klabu, akatoka mbio akimwita Mmarekani. Mtu wa Kariakoo alinikamata mkono kwa nguvu hata saa yangu ikanichuna.

“Si nilikwambia? Si nilikwambia, Maalim?”

Mkalimani alikuja kuomba kadi ya mlango wa ukumbi wa mazoezi. Alikuwa mpole sana. Akaeleza kwamba klabu imeheshimu uamuzi wake wa kuondoka, na kwamba kijana mwingine kutoka kwao Marekani atafika keshokutwa, naye amekubali karatasi ya mwezi. Akainama kidogo, akapokea kadi kwa mikono miwili na kurudi juu.

Mtu wa Kariakoo akauachia mkono wangu na kuniomba radhi. Katika kumfahamu kwangu haijatokea tena. Mmarekani aliachia bomba, akalitazama, akatutazama sisi, na ile furaha yake ya ajabu ikaanza kupanda taratibu kutoka tumboni.

“Mzee,” akaniambia, “nyinyi mmekuwa wanunuzi siku zote, sivyo?”

“Ndivyo.”

“Mimi kule juu sikuwa mnunuzi. Mimi ndiye suruali.”

Akacheka mpaka akakaa juu ya choo cha maonyesho. Nami nikaona, kwa kuchelewa, jinsi mkahawa mzima wa watu wazima wenye uzoefu tulivyokosea. Mnunuzi akiondoka, muuzaji huogopa. Lakini suruali ikishuka kwenye tundiko na kutoka dukani kwa miguu yake, nani ataiita? Watatundika nyingine. Kisha Mmarekani akaacha kucheka, akafunika uso kwa viganja vyake vikubwa, akasema, “Nitamwambiaje mtoto? Sanduku liko mlangoni.” Mwenye duka akatuletea chai, akidhani tunajadili vigae.

Wiki ile Mmarekani alikula kidogo. Kibali chake kilikuwa kinakwenda mwisho pamoja na mkataba, na baada ya hapo ni ndege tu. Mtu wa Kariakoo naye alikula kidogo, jambo lililomtisha Shangazi kuliko la kwanza.

“Wewe uliyemwondoa kitini,” akamwambia, “mtafutie kiti.”

“Shangazi, mimi nauza jinzi.”

“Basi nenda kwenye hizo jinzi. Hapa unanijazia meza kwa huzuni.”

Kwa jinzi zake alikuwa na laobani mmoja katika mji wa viwanda nje kidogo ya Guangzhou, mtu waliyegombana naye kwa kalkuleta miaka mingi na kupendana kama ndugu. Bwana huyu alikuwa na kiwanda, na kando ya kiwanda alijenga ukumbi wa kufundishia watoto mpira wa kikapu, na alikuwa na timu ya wafanyakazi iliyofungwa kila mwaka na timu ya kiwanda cha zipu. Mwenye zipu alikuwa jirani yake. Kila alipoagiza zipu kwa ajili ya jinzi zake, zilimjia na salamu za mchezo uliopita.

Tukaenda watatu. Ndani ya treni mtu wa Kariakoo alitupangia vita. Safari hii, akasema, sisi ndio wauzaji, kwa hiyo tutatumia mbinu za wauzaji. Yeye atasifu mali. Mimi nikae kimya na ndevu zangu, zitupe uzito. Mmarekani asiseme kitu, asitabasamu, asiombe radhi. Neno letu ni msimu mzima, nyumba ya kukaa, na barua ya kumwombea binti kibali. Laobani atashika kifua. Tukishuka, tushuke kidogo kidogo, tuanze na nyumba.

Laobani alitupokea kwenye ukumbi, katikati ya watoto waliokuwa wakidundisha mipira. Alimzunguka Mmarekani mara kadhaa kama anavyozunguka robota. Mtu wa Kariakoo akaanza.

“Tazama mabega haya, laobani. Tazama magoti. Huyu amecheza dunia nzima.”

Laobani akainama, akatazama magoti. Kisha akaokota mpira na kumrushia Mmarekani. Mmarekani akaudaka kwa mkono mmoja, wala hakuutupa kikapuni, bali akachuchumaa na kumpa mtoto mdogo kuliko wote aliyekuwa karibu, kisha akamnyanyua mpaka kwenye chuma cha kikapu ili autumbukize mwenyewe. Watoto wote wakaja mbio kupanga foleni. Mpango wa kutotabasamu ukaishia hapo.

“Laobani, tuzungumze,” mtu wa Kariakoo akasema, akatoa kalkuleta mfukoni kwa mazoea, ingawa hapakuwa na cha kukokotoa. Akataja msimu mzima. Akataja nyumba. Akataja barua ya binti. Akakaza miguu kungojea kelele.

“Sawa,” akasema laobani.

Mtu wa Kariakoo akaitazama kalkuleta yake.

“Sawa nini?”

“Sawa yote. Binti ana umri gani? Anacheza?”

Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, na Mmarekani, aliyekuwa na mtoto begani, akauliza kuna nini. Tulipomweleza alimshusha mtoto taratibu, akaenda kusimama akitazama ukuta mpaka mabega yake yakatulia.

Tukamwacha na laobani na mwanamke wa ofisi aliyekuja kuchukua pasi yake ya kusafiria, tukarudi peke yetu. Nilikuwa na furaha nyepesi kama ya asubuhi ya Idi. Mwenzangu alikuwa ameegemea dirisha la treni kama mfiwa.

“Mungu mkubwa, mwanangu,” nikamwambia.

“Alikubali, Maalim.”

“Ndiyo, alikubali.”

“Mara moja! Hakushika kifua, hakusema meiyou, yaani hakuna, hakusema ghali. Miaka yote hii yule mtu hajanipa hata kifungo kwa neno la kwanza.” Akaninyooshea kidole, machozi yakimlengalenga. “Maana yake angetoa miwili. Si nilikwambia uombe miwili?”

Nilimuombea msamaha kimoyomoyo, nikamnunulia embe lililokatwa, akala bila ya kufarijika. Nasikia mpaka leo huwasimulia wageni habari ile kama hasara kubwa aliyopata China.

Binti alifika na sanduku lake kabla ya mechi ya kwanza. Alikuwa mrefu naye, mwenye miwani, na pengo moja lililobaki, na hakuuachia mkono wa baba yake tangu uwanja wa ndege mpaka kwenye mlo wa Shangazi. Siku ya mechi ya jinzi na zipu tulikwenda sote. Ukumbi ulinuka kitambaa kipya na rangi ya buluu, na wachezaji wa timu ya Mmarekani, washonaji na wakataji, walikuwa na vidole vilivyobaki na rangi hiyo hata baada ya kunawa. Aliyefika begani mwake hakuwapo. Mtu wa Kariakoo alikaa kando ya laobani, wakizozana kuhusu mwamuzi, na kwa mara ya kwanza upande mmoja.

Binti alikaa karibu nami. Akatazama viti vya plastiki, akatazama ubao wa pointi unaogeuzwa kwa mkono, akatazama kikundi cha wanawake wa idara ya mifuko waliokuwa wakipiga masufuria. Kisha akanivuta kanzu.

“Babu, hii ndiyo ligi ya kulipwa?”

Nimesomesha watoto muda mrefu, na najua swali linaloulizwa kwa tahadhari. Sikutaka kumdanganya mtoto, wala sikutaka kumharibia baba.

“Baba yako analipwa,” nikamwambia. “Wenzake wanalipwa pia, kwa kushona.”

Akalipima jibu hilo. “Lakini yeye ni mchezaji mkubwa?”

“Tazama mwenyewe.”

Akatazama. Alikuwa mkubwa kweli, alikuwa kama kabati lililoingia katikati ya viti. Hata hivyo timu ya zipu ilikuwa ikiongoza, kwa sababu mwenye zipu alikwisha kusikia habari zetu, akaleta wachezaji wake wawili kutoka Serbia. Mmarekani akachezewa rafu, akaanguka, akainuka, akapepesa macho juu kwenye viti mpaka akamwona binti, akampungia mkono kama mtu anayeshuka kwenye ndege, na mpira ukampita sikioni. Laobani akashika kifua, na safari hii kwa kweli.

Binti akasimama juu ya kiti. “Baba, mpira!” akapiga kelele. “Tazama mpira!”

“Nimeuona!” baba yake akajibu, akiendelea kupunga.

Tukafungwa. Usiku ule baba na binti hawakuja kula nasi Dengfeng, walibaki katika nyumba yao ya kiwandani, na Shangazi akawatumia pilau kwa gari la mizigo ya jinzi.

Ewe uliyenisoma, Mola akupe riziki usiyoitolea jasho la kuzungushana, akukusanye na uwapendao mahali pamoja na kwa muda mrefu, akusamehe unayoyashauri kwa nia njema, na awasamehe waliokushauri. Amina.